Nywele za Bi Turkiya

Khalaf hakupiga honi. Kwa kawaida akitoka Sur kuja Ibra kumwangalia mama yake, honi huanza kulia tangu kwenye kona, na watoto wa jirani hutoka mbio kwa kuwa gari lake halikosi peremende. Alhamisi ile aliingia kimya, akavua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja mpaka jikoni alikokuwa mke wa mdogo wake, akamsogezea simu karibu na pua.

"Hii nini, Minda?"

Minda alikuwa anaosha mchele. Akainua macho, akaiona picha, akaitambua pale pale, kwani aliipiga yeye mwenyewe Jumapili. Nywele za kijivu zilizopakwa mafuta zilikuwa zimeteremka mgongoni mpaka kiunoni, shuka nyeupe imeponyoka begani, na kitana kimekwama katikati ya nywele. Uso hauonekani.

"Ni Mama," alisema, akatabasamu. Ole wake, alitabasamu! Alidhani shemeji yake kaja kumwambia kwamba imependeza.

"Unajua kanionyesha nani? Mwanamume! Fundi mwenzangu wa kazini, Mfilipino wa kwenu. Kaja na simu wakati wa chai, kaifungua blogu yako, anachekelea. 'Khalaf, huyu si wewe, kwenye picha ya Idi? Na huyu ndiye mama yako? Mashallah, nywele nzuri.' Nywele nzuri, ananiambia! Ummi yumo edani, Minda! Mimi mwanawe wa kumzaa sijaziona nywele zile tangu nilipokuwa mtoto mdogo, leo nazionyeshwa na mtu baki, juu ya kikombe cha chai!"

Minda akaona macho ya mtu mzima yule yamejaa machozi, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu hasa, maana hasira za Khalaf alikwisha zizoea lakini machozi yake hajapata kuyaona.

"Ifute," Khalaf alisema. "Ifute sasa hivi. Na baada ya Alasiri tutakaa sote. Shangazi Alyaa nimeshampigia simu."

Minda akaifuta, vidole vikiwa bado vimelowa maji ya mchele.

Tuseme ukweli, maana msomaji ana haki ya kuujua kabla ya watu wa nyumba ile. Luzviminda, ndilo jina lake kamili Minda, hakuwa mwanamke mwovu wala mpenda sifa. Alikuja Ibra, huku Omani, miaka sita nyuma, kumsaidia daktari wa meno kwenye kliniki moja ndogo ya mjini. Harub, mdogo wake Khalaf, alikwenda pale na jino moja bovu, akatibiwa akapona. Kisha akarudi mara nne zaidi na meno yasiyo na ugonjwa wowote, mpaka daktari akamwambia, "Kijana, hapa hapana la kung'oa tena. Sema naye." Akasema naye. Minda akasilimu, wakaoana, na ikawa ni ndoa ya minong'ono: Bi Alyaa, dada wa baba yake Harub, hakukanyaga harusini.

Aliyempokea ni Bi Turkiya, mama mkwe. Bi Turkiya alizaliwa Tabora, na nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili tangu chumbani mpaka jikoni. Kwa hiyo Minda alipojitahidi kujifunza lugha ya wakweze, akajikuta anakijua Kiswahili kabla ya Kiarabu. Alijifunza kukanda maandazi. Alijifunza kumwamkia mkwewe shikamoo na kumbusu mkono. Na kila jambo alilojifunza aliliandika kwenye blogu yake, kwa lugha ya kwao, kila makala ikianza kwa neno lile lile: "Nanay", yaani mama.

Nanay yuko kijijini kwao Ufilipino, katika mkoa wa Antique, macho yake yamefifia, na kila asubuhi binti wa jirani humsomea kwa sauti alichoandika mwanawe. Barua zile zilianza kwa msomaji mmoja. Wakaongezeka wake wengine wa Kifilipino walioolewa ugenini, kisha waume zao, kisha watu wasiojulikana walikotoka, mpaka wakawa maelfu. Lakini moyoni mwa Minda msomaji alibaki mmoja. Kumpelekea Nanay kitu na kukiweka kwenye blogu, kwake yeye lilikuwa jambo moja, wala hajapata kuyatenganisha.

Na sasa mzee wa nyumba, Mzee Zakariya, amefariki, na Bi Turkiya amekaa eda: miezi minne na siku kumi ya nguo nyeupe, bila manukato, bila wanja, bila kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake. Siku zile zote Minda ndiye aliyemwogesha kichwa, ndiye aliyempaka mafuta yasiyo na harufu. Jumapili, siku ya tisini katika hesabu ya eda, alipokuwa anamchana, jua la dirishani liliziangukia zile nywele, na Minda akaona uzuri.

"Mama, mimi napiga picha? Nampelekea mama yangu aone."

"Mpelekee," Bi Turkiya alisema, akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. "Mwambie mama mwenzangu, mwanawe ana mkono mwepesi." Akaichukua na simu yenyewe, akarekodi kwa sauti yake: "Salamu alaikum, mama mwenzangu. Kipicha hiki nimekupa mwenyewe, unione nilivyochakaa."

Jioni ile picha ikaenda kwenye blogu; maneno ya mkwewe yalikuwa bado ndani ya simu, sekunde kumi za sauti. Sasa, Alhamisi hii, Minda akaikaza simu mkononi, akaenda kubisha chumbani kwa mkwewe.

Bi Turkiya alikuwa ameketi juu ya godoro, kichwa amekifunga kwa shuka mbili, moja juu ya nyingine, na joto lote lile.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mama?"

"Wangapi wameniona?"

Minda alitamani kudanganya. "Elfu kumi na moja."

"Na wanaume wamo?"

"Wamo, Mama."

Bi Turkiya akaitazama mikono yake. "Mimi nilidhani mama yako ni mtu mmoja."

Minda akapiga magoti pale pale kwenye zulia. Alitafuta neno la Kiswahili la kutosha, hakulipata, akatafuta la kwao, nalo halikuja. "Ni mtu mmoja. Mimi ndiye mjinga, Mama. Nimezoea. Sikufikiri. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu, sina kinyongo nawe." Lakini hakumtazama. "Khalaf kaja hapa kaniuliza, 'Ummi, ulijua?' Nikanyamaza. Akajijibu mwenyewe, 'Hukujua, masikini.' Nami nikamwacha ajijibu."

Nje, fundi wa kiyoyozi alikuwa anagonga kitu kwenye paa la jirani.

"Hii nyumba huijui wewe," Bi Turkiya akaanza tena, taratibu. "Zakariya alinileta hapa mwaka wa sabini na nne. Mama yangu Mnyamwezi. Siku ya kwanza tu, Alyaa alisema mbele ya wanawake wote, kwa Kiarabu, akidhani sifahamu: 'Kaleta mwanamke wa bara, hawa hawajui stara.' Nilifahamu. Miaka hamsini, Minda. Miaka hamsini sijavuka kizingiti na unywele mmoja nje. Harusini nilikuwa wa mwisho kufunua uso, na kwenye matanga wa kwanza kujifunika. Siku tuliyomzika Zakariya, Alyaa alinishika mkono, akaniambia, 'Turkiya, wewe ni mtu wa kwetu.' Nilimpoteza mume siku ile, na bado neno lile liliniingia moyoni. Sasa leo nikaseme nini? Kwamba nilikaa edani, nikafunua kichwa, nikapigwa picha, na kucheka nikacheka?"

Akafunika uso kwa viganja. Minda alimwacha alie. Yeye naye aliolewa akaletwa. Yeye naye alipimwa kila siku kwa jicho la pembeni, chumvi ya mchuzi wake, urefu wa mikono ya nguo yake. Hakuhitaji kufasiriwa.

Hatimaye Bi Turkiya akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Ile sauti yangu ... bado ipo?"

"Ipo."

Wakatazamana. Bi Turkiya akashusha macho kwanza. "Ni haki yako," alisema. "Siwezi kukunyima."

Minda akaubusu mkono wake, akatoka. Kwenye ukumbi akasimama akiegemea ukuta, akaifungua simu, akaitafuta ile sauti. Simu ikamuuliza kama ana hakika anataka kuifuta. Akajibu kwamba ana hakika.

Baada ya Alasiri walikaa sebuleni. Bi Alyaa alishika kiti cha kaka yake marehemu, bakora mapajani. Khalaf alikataa kuketi. Mlango wa chumba cha Bi Turkiya uliachwa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Harub alifika wa mwisho kutoka kazini kwake, kofia mkononi, jasho likimchuruzika, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kusimama ubavuni mwa mkewe. Bega lake likaligusa bega la Minda. Wote waliona.

"Khalaf keshanieleza kwenye simu," alisema. "Nami nasema hivi. Mke wangu namjua. Hana tabia ya kumwibia mtu picha, seuze mama yangu. Kuna jambo hapa halijasemwa." Akamgeukia, na macho yake yalikuwa yale yale ya kliniki, ya mtu aliyekuja na jino zima ili apate kukaa karibu. "Minda, habibti, usiogope. Ulimwomba Ummi ruhusa, si ndiyo? Sema tu ndiyo. Sema ndiyo, yaishe."

Minda alitazama ule upenyo wa mlango. Aliona pindo jeupe la nguo, limetulia, halitikisiki.

"Sikuomba," alisema.

"Vipi?"

"Sikuomba. Mama alikuwa amesinzia. Mimi nilipiga tu. Yeye hajui."

"Astaghfirullah," Bi Alyaa akanong'ona. "Amesinzia, masikini wa Mungu! Mjane wa kaka yangu!"

Minda alihisi bega la Harub likiondoka, kwanza kidogo, kisha lote. Alipothubutu kumtazama, alimkuta anamwangalia kwa utulivu wa kutisha, anamkagua uso mzima, kipande kwa kipande, akitafuta mahali alipokosea kusoma. Laiti angemfokea! Mtu akifoka una la kumjibu.

"Uliapa kwangu," alisema mwishowe, "siku tuliyoandikishana ndoa, kwamba mama yangu ni mama yako."

"Ndiyo."

"Na mama yako ungemfanyia hivi?"

Minda akaubana mtandio wake kidevuni.

"Mimi sina maneno mengi," Khalaf akasema, na kweli ilionekana amechoka. "Sitaki talaka ya mtu. Lakini asikae nyumba moja na Ummi mpaka eda iishe. Na hiyo blogu ifungwe yote."

"Nitampeleka Birkat al Mauz, kwa Dalal," Harub akajibu, akimtaja dada yao, akiutazama ukuta. "Kesho asubuhi."

Nyuma ya mlango, pindo jeupe halikutikisika.

Asubuhi ya Ijumaa barabara ilikuwa tupu. Harub aliendesha bila redio. Walipofika Bidbid, pale barabara ya Ibra inapoungana na ile ya Maskati na Nizwa, alisimamisha gari mbele ya kibanda cha chai, kwa mazoea tu, kwani hawajapata kupita pale bila kusimama. Akaletewa vikombe viwili vya chai ya maziwa. Akakishika kimoja, akafunua kifuniko, akaanza kukipuliza. Minda huungua ulimi. Miaka minne Harub ndiye aliyempozea chai. Alipuliza mara mbili, mara tatu, ndipo akagundua anafanya nini. Akakiweka katikati yao, akakiacha.

"Blogu umeifunga?"

"Nimefunga usiku."

"Na Nanay?"

"Nitampigia simu."

"Amezoea kusomewa."

"Amezoea," Minda alisema, na hapo ikabidi ageukie dirishani. Aliwaza yule binti wa jirani, asubuhi ile, anabonyeza simu mara mbili, mara tatu, na Nanay ametega sikio kwenye benchi.

"Nambie ulidanganya jana," Harub akasema ghafla. "Wallahi nitaamini. Yaani, nimekesha nakifikiria kile kisa, hakikai. Ummi hasinzii mchana. Hajapata kusinzia mchana maisha yake yote. Nambie kuna kitu umenificha."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Neno lilimfika Minda mpaka kwenye meno. Lilikuwa neno fupi, na upande wa pili wake kulikuwa na mumewe mzima, kama alivyokuwa, na bega lake. Lakini alimjua Harub. Harub akipenda hupenda kwa kelele, na akikasirika hana siri. Angegeuza gari pale pale Bidbid, angerudi Ibra kwa mwendo wa hatari, angesimama mbele ya Khalaf na Bi Alyaa akapiga kelele kwamba mkewe hana hatia. Na kabla ya adhana ya Ijumaa mama yake angekuwa tena mwanamke wa bara asiyejua stara.

"Sijaficha kitu," alisema.

Harub akatikisa kichwa taratibu. "Jana nilipokuwa narudi kutoka kazini niliapa nitasimama nawe mbele ya yeyote. Ungesema ndiyo, ningegombana na ukoo mzima. Ulijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi kwa nini ..." Akawasha gari. Chai ilikuwa imepoa, na hakuna aliyeigusa.

Dalal aliwapokea mlangoni, amemkumbatia mtoto wake mchanga, akasema karibuni, karibuni, kwa ile furaha ya mtu aliyekwisha ambiwa kila kitu kwa simu. Nyumba yake iko ukingoni mwa mashamba ya migomba, maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, yanapita chini ya ukuta. Harub akaingiza sanduku chumbani, akaliweka karibu na kitanda, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Hakujua aondokeje.

"Nitakuja Ijumaa ijayo," alisema. "Inshallah. Au Dalal atanipigia kama unataka kitu."

"Sawa."

"Siku thelathini na tano si nyingi. Baadaye tutaona."

Minda alilisikia lile "tutaona", akajua maana yake. Mume anayejua atakachofanya hasemi tutaona.

Simu ya Harub ikalia. Akaitazama, akapokea, akasikiliza. "Ndiyo, Ummi. Tumefika. Yupo ... Sasa hivi?" Akasita, kisha akamnyoshea Minda simu. "Anataka kusema nawe."

Minda akaiweka sikioni. Harub alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, macho yamemganda usoni.

"Minda." Bi Turkiya alikuwa ananong'ona. "Mwanangu, sikulala. Nilikusikia pale sebuleni nikauma shuka. Mpe Harub simu, nimwambie. Nimwambie yeye, na Khalaf nimwambie, na Alyaa yupo hapa tangu jana, nimwambie naye. Halasi. Nimechoka mimi, mpe simu."

Mkono wa Minda ulikwisha anza kuitoa simu sikioni. Wallahi ulikwisha anza. Ndipo akasikia, kwa mbali, ndani ya nyumba ile ya Ibra, sauti nyingine ikiita: "Turkiya! Unasema na nani, mpenzi? Njoo ule, nimekukatia papai, nimelitoa mbegu zote."

"Nakuja, wifi yangu," Bi Turkiya akajibu. Na katika kujibu kule sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya msichana anayeitwa mezani kwa mara ya kwanza katika nyumba aliyoolewa.

Minda akafumba macho.

"Hapana, Mama," alisema. "Nenda ule."

"Minda ..."

"Nenda ule, Mama. Mimi mzima. Nimefika salama."

Akakata, akarudisha simu. Harub akaipokea bila kugusa vidole vyake.

"Kasema nini?"

"Kaniuliza kama nimefika."

Harub akaangalia chini, akauma mdomo. "Unaona? Baada ya yote, bado anakuuliza kama umefika. Mtu mwenye moyo ule, Minda. Ndiye uliyemfanyia vile."

Akatoka. Alimpa dada yake mkono, akambusu mtoto utosini, akapanda gari. Minda alimfuata mpaka kizingitini, mtandio umemshuka mabegani, na gari lilipoanza kurudi nyuma akajikuta ameita.

"Harub!"

Gari likasimama upesi, upesi mno. Kioo kikashuka. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa bado anangoja.

"Naam?"

"Dawa ya presha ya Mama," Minda alisema. "Kifuniko chake kigumu. Hawezi kufungua peke yake, na kuomba anaona haya. Mfungulie wewe, kila siku baada ya Isha."

Harub alimtazama, injini inanguruma, akimngojea aongeze neno.

"Nitamfungulia," alisema. Akapandisha kioo, gari likateremka kuelekea barabara kuu, na Minda akabaki pale mlangoni mpaka Dalal alipomwita kwa mara ya tatu.